Babu, Gari Inanuka Petroli

Mtoto alisema kabla hatujafika Athi River. "Babu, gari inanuka petroli."

Anko alikuwa kwenye usukani. Alijibu bila kugeuza shingo kwamba tumetoka kujaza tangi sasa hivi, lazima inuke, itaisha. Tukapita Konza. Salama mtoto akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeanza kujua kwamba hasikilizwi. Emali akatapika. Anko akasema ni uchovu wa safari.

Makindu tulisimama kwenye hekalu la Masingasinga, lile lililojengwa 1926, ambapo msafiri yeyote anapewa chai na chapati bila kuulizwa dini wala pesa. Mtoto ana miaka sita na kwa kawaida chapati haimpiti. Siku hiyo alikataa hata chai. Lakini nje ya gari alikuwa mzima kabisa, anakimbia, anacheka. Tuliporudi ndani akavuta kola ya sweta akaziba pua nayo. "Drama za watoto wa Nairobi," anko akasema, nami nikacheka.

Kicheko hicho kinaniuma hadi leo, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeisikia ile harufu asubuhi, tulipotoka nyumbani. Baada ya nusu saa hivi ikapotea, nikadhani imeisha. Kumbe pua ndiyo imeisha. Pua ya binadamu ina tabia hiyo: harufu ikidumu inaacha kuripoti, kama mlinzi aliyechoka kupiga filimbi bila mtu kutoka nje. Unaweza kukaa kwenye mvuke wa petroli saa tatu, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, na ukiulizwa utaapa kwamba hakuna kitu. Anko alikuwa ameiendesha ile gari hivyo tangu Oktoba. Yeye pua yake ilishakufa kitambo. Ndani ya gari ni mtu mmoja tu aliyekuwa bado ananusa, na huyo ndiye tuliyekuwa tunamcheka.

Kwa hiyo tulifika Mtito Andei na mtoto mgonjwa, na dada yangu (mamake mtoto, alikuwa ametangulia Mombasa kikazi) anapiga simu kila dakika kumi. Hapo hata anko akakubali tutafute fundi.

Kama umewahi kwenda Mombasa kwa barabara, Mtito Andei unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Ni pale basi linaposimama, unashuka nusu usingizi, unatafuta choo, unanunua chips, unasikia joto limebadilika. Ni katikati ya safari, kilomita 240 hivi kutoka kila upande. Jina ni la Kikamba na wenyeji hulifasiri kuwa msitu wa tai, wale ndege wala mizoga. Reli ya Waingereza ilipita hapa kati ya 1898, wakati simba walipokuwa wakila wafanyakazi kule Tsavo, na 1899, ilipofika Nairobi. Hifadhi ya Tsavo ikatangazwa 1948, na lango moja la Tsavo Magharibi liko hapa hapa mjini. Miaka yote hiyo kazi ya mji ni ile ile, kupokea vitu vinavyopita njiani na vile vinavyoharibikia njiani.

Fundi alikuwa chini ya mti, mzee wa miaka sitini na kitu, kofia ya sufi kichwani katika joto lile. Anko akaanza kumweleza kwamba gari haina shida kubwa, ni harufu kidogo tu. Fundi akamwacha amalize. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Nani aliisikia wa kwanza?"

Tukamwonyesha mtoto. Mzee akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Mama, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma. Hapa."

"Na ilikuwa inatoka wapi?"

"Chini yangu."

Akasimama. Sasa akamgeukia anko na maswali mengine, mfululizo, kama daktari wa zamani asiye na mashine. Inanuka gari ikiwa imezimwa au ikiwa inatembea? Tangi likiwa limejaa au hata likiwa nusu? Ukifungua dirisha inapungua au inazidi? Umeona matone chini, pale unapolala? Mafuta yanaisha haraka kuliko zamani? Na nani alishika gari hii mara ya mwisho?

Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea uhandisi. Anko hajawahi kunisamehe, na hapo alinitazama kwa jicho la "si wewe ndiye injinia?" Hesabu za mvuke na shinikizo la gesi nilizifanya na nikapita. Maswali yale ya mzee hakuna mtu aliyewahi kunifundisha, ingawa kila moja lina fizikia yake. Harufu inayokuja injini ikiwa inazunguka pekee inamaanisha mafuta yanatoka mahali penye presha: paipu inayokwenda mbele, au injekta na zile oringi zake ndogo. Harufu inayobaki gari ikiwa imezimwa juani ni ya mvuke, kwa hiyo unatazama tangi na kila kinachopumua kutoka kwenye tangi. Ikiwa inanuka zaidi tangi likijaa na inapungua likishuka nusu, basi penye tobo ni juu ya tangi, maana chini kungekuwa na matone wakati wote. Na ukifungua dirisha la nyuma na harufu ikazidi, usishangae. Gari likitembea upepo huchota hewa ya ndani ikatoka, na hewa nyingine huingia kupitia tundu lolote lililoko chini kuja kuziba pengo. Unadhani unafukuza harufu, kumbe unaivuta.

Hakuishia kwenye maswali. Alifungua boneti kwanza, ingawa alikuwa ameshaambiwa ni nyuma. "Mtoto anaweza kuwa sawa na mbele kukawa na ingine," akasema. Akachukua kitambaa cheupe kikavu, akapangusa kila kiungo cha paipu, kimoja kimoja, na kila mara ananusa kitambaa badala ya kunusa injini. Injini nzima inanuka, akanieleza, kwa hiyo ukiinusa hujifunzi kitu. Mbele kulikuwa kusafi. Akatazama kifuniko cha tangi na gasketi yake, safi. Akalala chini, akatazama paipu ya kujazia, ile ya mpira inayopasuka ikizeeka, safi. Muda huo wote anko alikuwa anachezea kibiriti mfukoni. Mzee hakumkaripia. Alimwomba tu akamnunulie soda, duka lililo mbali.

Halafu akainua kiti cha nyuma.

Chini ya kiti cha nyuma cha magari mengi madogo ya Kijapani kuna kifuniko cha bati chenye skrubu, na chini yake ndiyo pampu ya petroli, imezama ndani ya tangi. Wengi tunaketi juu yake miaka bila kujua. Mzee alifungua skrubu, akainua bati, na mimi niliyekuwa nimesema sisikii kitu nilirudi nyuma hatua mbili. Vumbi la Mombasa Road lilikuwa limejaa pale ndani, kavu na jekundu kila mahali isipokuwa kwenye duara moja kuzunguka mdomo wa pampu. Hapo lilikuwa limelowa, jeusi. Na kwenye duara hilo kulikuwa na silikoni, ile gundi ya bomba, imegeuka laini kama jeli.

Pampu ilikuwa imebadilishwa Oktoba, karakana moja Nairobi. Aliyeibadilisha alirudisha sili ile ile ya mpira ya zamani, ambayo ikishatolewa huwa imevimba na haikai tena vizuri, akaona haishiki, akaipaka silikoni. Silikoni ya kawaida haiwezani na petroli. Inashika wiki mbili, inalainika, mvuke unaanza kupita. Kila anko alipojaza tangi mafuta yalifika juu na kuanza kuchuruzika pale. Juu ya bati hilo ndipo mtoto alipokuwa ameketi tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Sili mpya Mtito Andei haikuwepo. Ilibidi iagizwe Nairobi, ije na basi la usiku. Anko alitaka mzee apake silikoni nyingine, tufike tu Mombasa. Mzee akafuta mikono. "Mkitaka hivyo, mimi sishiki," akasema. "Mtafuteni mwingine." Ndivyo tulivyolala Mtito Andei, na ndivyo nilivyopata jioni nzima ya kukaa kwenye benchi lake na kuuliza.

Nilitaka kujua kwa nini pampu iko pale, chini ya watu. Zamani haikuwa hivyo. Magari ya kabureta, kama zile Peugeot 404 na 504 ambazo wazazi wetu wanazitaja kama jamaa waliofariki, yalikuwa na pampu mbele, imefungwa kwenye injini, inavuta mafuta kutoka nyuma. Harufu yake ilikuwa ya mbele. Sindano ya kabureta ikikwama, petroli inafurika, unafungua boneti unaona kwa macho. Na katika joto la bonde hili tatizo kubwa lilikuwa lingine: petroli ilichemka ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye injini, ikageuka mvuke, na pampu ya kuvuta haiwezi kuvuta mvuke. Gari linazima, jua la saa nane, tembo upande mmoja. Dawa ilikuwa kitambaa kilicholoweshwa maji, unakifunga juu ya pampu, unasubiri. Mzee alisema alianza ufundi kwa kazi hiyo, kubeba maji ya kupoza pampu za watu.

Injini za injekta zilipokuja, pampu ikahamishiwa ndani ya tangi. Huko inasukuma badala ya kuvuta, na petroli yenyewe inaipoza. Ugonjwa wa kuchemka njiani ukapungua sana. Ila pampu ikifa sharti mtu afungue tangi, na kila tangi linalofunguliwa lazima lizibwe upya. Tatizo lilitoka chini ya boneti, mahali dereva anapoliona, likahamia chini ya kiti ambacho dereva hakalii.

Kuna jambo lingine alilonionyesha ambalo nimelipenda kupita kiasi. Kwenye gari kuna kikopo cheusi ambacho kazi yake ni kunasa mvuke wa tangi usitoke hewani. Wamarekani walianza kulazimisha vikopo hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970, California ikitangulia, kwa sababu moshi wa Los Angeles ulikuwa umezidi. Na ndani ya kikopo kuna nini? Makaa. Makaa yaliyotayarishwa maalum, yana vinyweleo vidogo vidogo vinavyoshika mvuke, lakini ni makaa. Hapa, Ukambani, ambako gavana wa Kitui alipiga marufuku biashara ya makaa 2018 na lori moja la makaa likachomwa moto, magari mengi ya petroli yanayopita barabarani yamebeba makaa yake kidogo, halali kabisa. Mafundi wengi hukitoa kikopo hicho wakakitupa. Gari inatembea tu, wanasema. Ndiyo, inatembea, na inanuka.

Kabla ya tangi na pampu kulikuwa na debe. Neno tunalipimia mahindi, tunalipigia ngoma, tunalitumia kwa ajili ya kura, na wengi wetu hatujui kwamba lile bati lilikuwa la mafuta. Petroli na mafuta ya taa yalifika pwani yetu kwa meli katika mikebe ya bati ya galoni nne, lita kama 18, miwili miwili ndani ya sanduku la mbao. Hakukuwa na vituo vya kujaza kila kilomita ishirini. Aliyetoka Mombasa kwa gari alibeba madebe yake nyuma, barabara ya udongo, na bati lile lilikuwa jembamba. Viungo vilifunguka kwa mtikiso. Kila gari lilinuka petroli, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jambo hili liligeuka la kijeshi wakati wa Vita vya Pili. Waingereza waliingia jangwa la Libya na Misri na madebe ya aina hiyo hiyo, na petroli ikavuja mchangani kwa kiasi ambacho maafisa wenyewe walikiita aibu. Wajerumani walikuwa na mtungi wao wa chuma, uliobuniwa 1937, wenye mshono mmoja imara na kifuniko kisichohitaji spana. Waingereza waliiteka mitungi hiyo, wakaitumia, halafu wakaiiga. Ndiyo maana hadi leo tunaita jerikani, kutokana na jina la utani walilowapa Wajerumani. Debe likabaki huku kwetu, likaoshwa, likaanza kupima mahindi.

Anko, ambaye jioni ilikuwa imempoza kidogo, aliingilia kati akasema petroli ya zamani ilikuwa nzuri, ilinukia hata tamu. Labda. Lakini petroli ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake, madini yale, yaliyoongezwa tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge. Yanaharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo mno, na hakuna pua iliyoweza kuyatambua katika moshi wa barabarani. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuyaondoa, na Kenya iliyaacha ilipoingia 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri. Kizazi cha anko kilikulia ndani ya moshi huo. Sikumwambia hivyo. Alikuwa anakumbuka ujana wake.

Lojing'i yetu iliendeshwa na mama mmoja mkubwa ambaye kila mtu alimwita Mwaitu. Alipoona mtoto bado ana kichefuchefu alileta maji kwenye kikombe cha bati, na kabla ya kumpa aliyanusa. Kitu kidogo sana, sekunde moja, kama mtu anayetazama saa. Nilidhani ni usafi. Nikamuuliza, akasema yeye kwao ni Thange.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mtito Andei haipitiwi na petroli ya magari peke yake. Inapitiwa na petroli ya nchi nzima, chini ya ardhi. Serikali iliunda Kampuni ya Kenya Pipeline mwaka 1973, na 1978 bomba la inchi 14 likaanza kusukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450, likifuata kwa kiasi kikubwa njia ile ile ya reli na barabara. Kabla ya hapo mafuta yalipanda kwa mabehewa na malori. Bomba halisukumi lenyewe, linahitaji stesheni za pampu njiani, na moja ya stesheni hizo iko Mtito Andei. Kwa hiyo mji huu ni kama kile kifuniko cha bati chini ya kiti chetu. Watu wanalala, wanapika, wanauza chips, na pampu iko karibu nao inanguruma.

Mei 2015 bomba hilo, likiwa na umri wa miaka 37, lilivuja upande wa Kibwezi, katika bonde la mto Thange. Petroli iliingia kwenye mto na kwenye visima. Watu waliyakuta mafuta ndani ya maji waliyokuwa wakinywa, wakimwagilia mboga na kunyweshea mbuzi. Wakazi walilalamika juu ya vifua, ngozi, matumbo, mashamba yaliyokauka. Petroli ina benzini ndani yake, na benzini inajulikana kuleta saratani ya damu. Mwaka 2019 bomba lilivuja tena, Kiboko, ambako tulipita asubuhi hiyo hiyo. Wakati huo bomba jipya la inchi 20 lilikuwa limeanza kazi kuchukua nafasi ya lile la zamani. Kesi ya Thange yenyewe iliendelea hadi 2025, ambapo mahakama ya Makueni iliamuru wakazi walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi. Miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka bomba lilipovuja alikuwa darasa la nne.

Mwaitu hakutaka kuzungumzia kesi. Alisema tu jambo moja ambalo nimelibeba: kwamba mgeni akija kwao alikuwa anasema hapa pananuka, na wao wenyewe hawasikii. Ilifika mahali wakawa wanawapa wageni maji wanuse kwanza.

Wapo wasioweza kusubiri mgeni. Septemba 12, 2011, petroli ya bomba ilivuja ikaingia kwenye mtaro wa mtaa wa Sinai, Nairobi, viwandani. Watu waliisikia harufu na wakaenda nayo, na ndoo, kwa sababu petroli inauzwa na kodi inadaiwa. Moto ulipowaka ulichukua watu zaidi ya mia. Sachangwan, Januari 2009, lori lililoanguka, tena zaidi ya mia. Tunapenda kusema watu wale walikuwa wajinga. Mimi sidhani. Walijua ile harufu ni ya nini kuliko sisi tuliokuwa ndani ya gari, sisi tulioacha kuisikia kabisa.

Sili ilifika saa kumi na moja alfajiri ndani ya bahasha, imeandikwa jina la mzee kwa kalamu. Hakuanza papo hapo. Alitoa fyuzi ya pampu, akawasha injini ikazunguka mpaka ikazima yenyewe, ili presha iliyobaki kwenye paipu iishe. Akatoa waya hasi wa betri. Akafungua milango yote minne na buti, akaacha gari lipumue. Akapangusa vumbi lote kuzunguka pampu kabla ya kugusa chochote, maana chembe moja ikianguka ndani ya tangi utaikuta tena kwenye injekta. Alikwangua silikoni kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi, chuma hakikaribii mdomo wa tangi. Sili ya zamani alimpa anko aishike. Ilikuwa imevimba, imepinda kama sikio la ng'ombe. Mpya ilikuwa nyembamba, bapa. Zikiwekwa pamoja ungedhani ni za magari mawili tofauti.

Alipoikaza ile pete ya juu aliniita nije nione mishale miwili, mmoja kwenye pete, mmoja kwenye tangi. Lazima ilingane. "Walifunga bila kuangalia," akasema. Nusu saa, kazi imekwisha. Anko aliuliza pesa ngapi, mzee akataja, anko akanyamaza, akatoa bila kuomba apunguziwe. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, popote.

Lakini mzee hakurudisha bati. Alimwagiza anko akajaze tangi hadi juu, arudi polepole, apande yale matuta mara mbili. Akamulika pale kwa tochi. Pakavu. Akapangusa kwa kitambaa cheupe, akanusa, akanipa mimi nikanusa. Bado hakurudisha bati.

"Mama yuko wapi?"

Mtoto akaletwa, bado na usingizi, kikombe cha chai mkononi. Mzee akampisha. Akainama ndani ya gari, akaweka pua karibu na pampu, akanusa kwa makini na kwa sauti, vile watoto hunusa. Sote tulinyamaza. Watu wazima watatu wamesimama juani wakisubiri uamuzi wa mtu wa darasa la kwanza.

"Hapa hakuna," akasema.

Mzee akaanza kufunga skrubu. Mtoto akatoka, akamsogelea anko, akavuta upindo wa shati lake, lile lile alilokuwa amelivaa tangu jana.

"Lakini babu kuna."

Tulimnunulia fulana pale stendi, ya kijani, yenye picha ya simba. Lile shati alilifunga kwenye karatasi, akaliweka buti.